Kabla Hujatia Wazo Lako Kwenye Sanduku la Maoni

Anza na mkataba wa ajira. Tafuta kifungu kinachotaja uvumbuzi, hakimiliki au siri za kampuni. Soma pia fomu yenyewe ya maoni, kwa maana huenda chini yake pana mstari unaosema kila kitakachoandikwa humo ni mali ya kampuni.

Mkataba ukinyamaza, Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001, kifungu cha 32, ndiyo inayoamua. Ulichovumbua katika kazi uliyoajiriwa kuifanya ni cha mwajiri. Fundi wa kreni katika bandari ya Kilindini, Mombasa, ambaye hakuajiriwa kubuni, kisha akabuni kifaa kwa vyuma vya karakana au takwimu za kampuni, naye hataza (haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi, yaani patent) itakwenda kwa mwajiri, lakini yeye anastahili malipo ya haki yanayopimwa kwa mshahara wake, uzito wa uvumbuzi na faida aliyoipata mwajiri. Idai haki hiyo kwa maandishi. Hakuna atakayekuletea mezani. Alichokibuni fundi huyo kwake Likoni kwa vifaa vyake, kisichohusiana na kazi, ni chake.

Maandishi, michoro na programu za kompyuta zina sheria ya hakimiliki: ukizifanya kikazi ni za mwajiri, ila mkikubaliana vingine.

Wengi hujikwaa hapa: wazo tupu halipewi hataza. Kupanga upya foleni ya malori Changamwe ni mbinu ya biashara, na sheria haiihesabu kuwa uvumbuzi. Ukishamweleza meneja bila makubaliano, ni vigumu mno kumzuia asiitumie. Kwa hiyo tanguliza barua ya ukurasa mmoja. Itaje faida, mfano lori litaokoa saa ngapi, isitaje namna. Iulize zawadi ni kiasi gani na italipwa lini. Nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, ukaiweke nyumbani. Undani utoe baada ya jibu lililotiwa sahihi.

Kwa kifaa chako mwenyewe, weka daftari lenye michoro na tarehe, hifadhi risiti za vipuri, na shahidi asiye wa kazini atie sahihi. Usiguse laptopu ya ofisi: mwajiri aweza kusema umetumia nyenzo zake. Kisha wahi kuwasilisha ombi la hataza KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, Nairobi, kwani wawili wakibuni kitu kimoja kila mtu kivyake, haki ni ya aliyetangulia kuomba. Ukiwa umeshakitangaza, Kenya inakupa miezi 12 ya kuomba. Ukitaka hataza Ulaya, usikionyeshe hadharani kabla ya ombi kupokelewa.