Gari Likigonga Ukingo wa Barabara: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukimbilia Alaimenti

Baada ya kugonga ukingo wa barabara, wengi wetu hufanya mambo mawili: tunashuka kutazama mkwaruzo kwenye rimu, kisha tunalipeleka gari kwenye alaimenti, yaani kupima na kurekebisha uelekeo wa magurudumu. Mkwaruzo hausemi mengi. Rimu iliyochubuka rangi inaweza kuwa nzima kabisa, na isiyo na alama upande wa nje ikawa na ufa upande wa ndani. Na alaimenti si tiba. Ni kipimo, pamoja na marekebisho ya nati chache zinazokubali kurekebishwa. Chuma kilichopinda hakinyooki kwa kuzungusha nati. Nalisisitiza hili kwa sababu mashine inaweza kuonyesha namba nzuri kila mahali huku kipande kilichopinda kikiendelea kubeba gurudumu lako.

Kazi inaanzia pale pale ulipogonga. Ukishatoka kwenye njia ya magari na kuwasha taa za dharura, jiwekee akilini mambo haya mapema, maana baada ya saa chache utakuwa umeyachanganya: ni gurudumu lipi liligonga, ulikuwa mwendo gani, uliukabili ukingo kwa mbele au uliupiga kwa ubavu, ulikuwa umekanyaga breki au la. Fundi mzuri atakuuliza haya, kwa sababu pembe ya pigo ndiyo inayoonyesha pa kutafuta. Gurudumu linapopanda ukingo kwa mbele, tairi na rimu ndivyo vinavyopokea kwanza, halafu loa amu, yaani mkono wa chini unaoshika gurudumu, inasukumwa nyuma. Linapoparuza kwa mshazari, mara nyingi inayoumia ni tairodi, ile fito nyembamba inayofikisha mzunguko wa usukani kwenye gurudumu. Na gari likiteleza likapiga ukingo kwa ubavu, hapo ndipo pabaya zaidi: nguvu inaingia moja kwa moja kwenye habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa), beringi, loa amu na shokapu, vitu vilivyoundwa hasa kubeba uzito wa gari, si kupigwa nyundo kutoka pembeni.

Kuna dalili ambazo zikionekana, gari libebwe, lisiendeshwe hata kilomita moja. Gurudumu limelala ndani au nje kuliko mwenzake. Tairi linagusa bodi au shokapu. Usukani umekuwa mzito au unakwama. Pedali ya breki imebadilika, au kuna mafuta yanadondoka chini. Ubavu wa tairi umetoa uvimbe. Yoyote kati ya hizo inatosha.

Uvimbe huo nautilia mkazo, maana ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Ukingo unapolibana tairi dhidi ya rimu, nyuzi zilizo ndani ya ubavu hukatika, upepo ukapenya kati ya tabaka na kusukuma mpira nje kama nundu. Tairi hilo halizibwi wala halipigwi kiraka, na linaweza kupasuka wakati wowote. Tatizo ni kwamba nundu si lazima itokee siku hiyo hiyo. Wakati mwingine inajitokeza baada ya siku kadhaa za kutembea. Kwa hiyo litazame leo, litazame kesho, litazame tena baada ya wiki. Upande wa ndani pia, ambao watu hawauoni: kata usukani mpaka mwisho, washa tochi, au ingiza simu nyuma ya gurudumu upige picha. Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea, uandike, kisha upime tena asubuhi inayofuata. Ukiwa umepungua, mwagia maji ya sabuni pale tairi linapokutana na rimu, pande zote mbili. Mapovu yatakuambia kama rimu imepinda kiasi cha kuachia upepo.

Rimu ya chuma hupinda. Ya aloi inaweza kupinda, na inaweza pia kupasuka. Kuijaribu si kazi ngumu ukiwa na jeki, lakini tafadhali fanya hivi kwa utaratibu: ardhi ngumu na tambarare, mawe au kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini, stendi ya kushikilia gari, na usiingize mwili chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Gurudumu likiwa juu, simamisha kijiti karibu kabisa na ukingo wa rimu bila kuugusa, kisha lizungushe taratibu. Nafasi kati ya kijiti na rimu ikiwa inapanuka na kubana, rimu imepinda. Sogeza kijiti kwenye tairi urudie. Rimu ikinyooka huku tairi likiyumba, ujue tairi limevunjika ndani hata kama kwa nje halina kitu.

Kabla hujalishusha, lishike juu na chini ulitikise kwa nguvu, halafu kushoto na kulia. Likicheza kushoto na kulia tu, tafuta kwenye tairodi na mwisho wake. Likicheza juu na chini, tazama boljointi, ile kiungo cha mviringo kinachounganisha loa amu na gurudumu. Likicheza pande zote, beringi ya habu ndiyo ya kwanza kushukiwa. Pembeni yako awepo mtu wa kutazama nyuma ya gurudumu wakati wewe unatikisa, maana jicho huona pale panapocheza haraka kuliko mkono unavyohisi.

Baada ya hapo gari lirudi chini, na ulisogeze mbele na nyuma kidogo ili likae lilivyozoea. Sasa linganisha kushoto na kulia. Nafasi kati ya tairi na bodi, mbele na nyuma ya gurudumu, iko sawa pande zote mbili? Nyoosha usukani, pima kutoka katikati ya habu ya mbele mpaka katikati ya habu ya nyuma, kila upande. Gurudumu lililorudishwa nyuma na ukingo hujionyesha hapo. Magari mengi yana urefu sawa pande zote, ingawa si yote: Renault 4, iliyoanza kuuzwa mwaka 1961, iliundwa upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine kwa karibu sentimita 5, kwa sababu ya jinsi springi zake za nyuma zilivyolazwa. Kwa gari la kawaida, tofauti inayozidi sentimita moja si ya kupuuzwa.

Tairodi ina siri moja ambayo ningependa kila mwenye gari aijue. Pale inapoungana na mwisho wake kuna nyuzi za skrubu, na alaimenti ya mbele hurekebishwa kwa kuizungusha tairodi hapo. Kwenye gari lisilowahi kugongwa, idadi ya nyuzi zinazoonekana kushoto na kulia hukaribiana. Tairodi ikipinda inakuwa fupi, na fundi mwenye haraka huirefusha kwa nyuzi mpaka usukani unyooke. Zihesabu. Upande mmoja ukiwa umetokeza nyuzi nyingi kuliko mwingine, kuna kitu kimepinda na kimefunikwa. Hili lilinipata mimi. Gari lilitoka kwenye alaimenti usukani umenyooka kabisa, nikaridhika, na haikuchukua muda tairi la mbele likaisha upande wa ndani mpaka nyuzi za ndani ya tairi zikaonekana. Hakuna aliyekuwa ametazama chini. Laiti ningehesabu, ningeokoa tairi zima.

Kama hakuna dalili kubwa, liendeshe polepole mahali pasipo na msongamano, usikilize. Usukani kukaa upande wakati gari linakwenda sawa ni dalili ya magurudumu kubadilika uelekeo, na usidhani ni ya mbele tu: gurudumu la nyuma likisogezwa, gari hutembea kimshazari kama kaa na wewe unalisahihisha kwa usukani bila kujua. Gari kuvuta upande mmoja ni jambo tofauti. Hilo huja na gurudumu lililolala, au tairi lenyewe. Mtetemo unaoanza ukifika mwendo wa kilomita 80 au 100 kwa saa ni wa rimu, tairi au balansi, na pengine ni kile kipande kidogo cha uzito cha balansi, kinachobandikwa kwenye rimu ili gurudumu lizunguke bila kutikisika, kilichong'oka tu. Uvumi unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka ni wa beringi: ukikata kushoto ukazidi, mara nyingi inayolia ni ya kulia, kwa kuwa uzito umehamia huko. Mlio wa kugonga unapopita kwenye matuta ni wa bushi, yaani mipira ya viungo vya chini, au linki ya stabilaiza, kifito kinachoshika chuma cha kuzuia gari lisilale kwenye kona.

Tazama pia taa za dashibodi. Waya wa kihisi cha ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, hupita karibu sana na gurudumu na hukatika kirahisi.

Sasa ndiyo uende kwenye alaimenti, na kabla fundi hajagusa nati yoyote, omba karatasi ya vipimo vya kuanzia. Hiyo ndiyo karatasi yenye thamani. Ya mwisho inaonyesha alichokifanya, ya kwanza inaonyesha kilichotokea. Tou, yaani magurudumu kukaribiana au kuachana kwa mbele, ikiwa ndiyo pekee iliyobadilika, tazama tairodi. Kemba, yaani gurudumu kulala, ikiwa tofauti sana na upande wa pili, tuhuma ziko kwenye shokapu, loa amu, au kile kipande kizito kinachobeba beringi. Kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao gurudumu hukatia kona, ukitazamwa kutoka ubavuni, ikipungua upande mmoja, gurudumu limerudi nyuma. Fundi akikuambia kemba ya gari lako hairekebishiki, anaweza kuwa anasema kweli, kwani magari mengi hayana nafasi ya kuirekebisha. Lakini basi imebadilikaje? Muulize hivyo hivyo, kwa heshima, na usubiri jibu.

Kilichopinda kibadilishwe. Tairodi isinyooshwe kwa nyundo, loa amu isipashwe moto, ufa wa rimu ya aloi usichomelewe ili gari lipate kutembea. Ukibadilisha tairi moja na lile la upande wa pili limeisha sana, badilisha yote mawili ya ekseli hiyo. Alaimenti ifanywe baada ya vipuri vyote kufungwa. Na magurudumu yakisharudishwa, nati zikazwe kwa kupishana, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, siku ile ile utakayopima upepo kwa mara nyingine na kumulika tochi kwenye ubavu wa ndani wa lile tairi lililogonga.