"Hata Lini?": Kuongoza Kikao cha Maombolezo Nchi Inapokatisha Tamaa

Watu wa jumuiya wamefika, wamekaa, na kila mmoja yuko kwenye simu: habari za nchi zimewatangulia. Hapo kiongozi akianza na pambio la kushangilia, wataimba, ila mioyo itabaki kwenye simu. Waache walie kwanza. Karibu theluthi moja ya zaburi zote 150 ni malalamiko, na mengi ni makali kuliko tunavyothubutu kuomba kanisani.

Tenga saa moja. Watu 6 hadi 12 wanatosha. Wakizidi, gaweni makundi, maana wasemaji watatu hodari watameza muda wote. Simu zizimwe, ziwekwe kikapuni karibu na mlango. Aliyepotelewa na ndugu kwenye vurugu hawezi kumwaga moyo wake huku akihofia kurekodiwa na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp.

Someni Zaburi ya 13 mara mbili, polepole. Ina mistari 6 tu, nayo inatupa ratiba nzima.

Mistari ya 1 na 2 inauliza "hata lini" mara nne. Nyamazeni dakika tano, kisha kila mtu atoe sentensi moja inayoanza na maneno hayo. "Hata lini, Bwana, zahanati yetu itakaa bila dawa?" "Hata lini kijana wangu ataamka hana pa kwenda?" Kiongozi asikilize nafsi inayotumika. Msemaji akiwa kwenye "wewe", anaongea na Mungu. Akihamia kwenye "wao" (hawa wa chama fulani, wale wa kabila fulani), kikao kimegeuka kijiwe, na dakika kumi baadaye nusu ya waliopo watakuwa wamenuna. Usimkaripie. Muulize tu: "Hilo, mama, ungemwambiaje Mungu?" Mara nyingi hasira ile ile inarudi ikiwa sala, tena haipungui ukali. Na iwe kali.

Mistari ya 3 na 4 ni maombi. Hapa kosa ni upana. "Bariki taifa letu" ni sala njema, lakini baada ya miezi mitatu nani atajua kama imejibiwa? Ombeni jambo lenye mahali na wakati, mliandike kwenye daftari pamoja na tarehe.

Mstari wa 5 unageuka kwa neno moja: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Adui hajaondoka, ila mwombaji amechagua pa kuegemea. Sasa imbeni. Asiyeweza asilazimishwe, wengine wamwimbie. Zaburi ya 88 inaishia gizani na bado imo katika Maandiko.

Wengi huishia hapa wakarudi nyumbani wepesi kwa siku mbili. Ndiyo maana robo saa ya mwisho ni ya Yeremia 32. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, nabii yuko kifungoni, na ananunua kutoka kwa binamu yake Hanameli shamba la Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Anapima fedha kwenye mizani, anaita mashahidi, hati mbili zinatiwa katika chombo cha udongo zidumu. Biashara ya kichaa, ungesema. Na ukisoma vizuri utaona alilipa kwanza, kisha ndipo akamwambia Mungu kwamba haelewi.

Chagueni "shamba" lenu, yaani tendo la tumaini, moja tu. Liwe la kumalizika ndani ya siku 7, kwa fedha iliyopo mkononi, na lenye jina la mtendaji. Kilo 5 za unga kwa familia ambayo baba yao yuko mahabusu. Au kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa Tanzania sheria inataka uitishwe angalau kila miezi mitatu, na kuomba mapato na matumizi yasomwe. Kwa Kenya, barasa la chifu. Nendeni wawili au watatu. Ila anayependekeza SACCOS kwenye kikao cha kwanza, mshukuruni na mwahirishe. Mipango ya namna hiyo hufa mapema, nayo hufa na ari ya kundi.

Jihadharini na nabii wa uongo kama Hanania. Katika Yeremia 28 aliahidi kwamba baada ya miaka miwili mambo yangekuwa yamerudi sawa, na bila shaka wengi walimpenda. Yeremia alisema 70, akawaandikia wahamishwa wajenge nyumba na kupanda bustani huko huko Babeli. Anayetabiri kwamba uchaguzi ujao utamaliza yote, andikeni tarehe yake daftarini. Tumaini lililofungwa kwenye tarehe hubomoka na tarehe, na watu huacha kuja kusali.

Mtu ambaye wiki mbili halali usingizi, hali chakula, au anasema heri afe, kikao hakimtoshi. Msindikizeni hospitali siku hiyo hiyo, na asiwepo wa kumwambia imani yake ni haba.

Kutaneni kila baada ya wiki mbili, mkianza kwa kusoma daftari: kilichoombwa, kilichojibiwa, kilichofanyika. Ambaye hakutimiza kazi yake apigiwe simu siku moja kabla, asije akaaibika mbele ya wenzake.