Slaidi ya damu ya simba itengenezwe palepale porini, usisubiri kambini

Simba akishalala kwa dawa kila mtu anakimbilia meno, kola na picha za simu, damu inachukuliwa mwisho afu eti slaidi, kile kioo cha kupakia damu uiangalie kwa darubini, tutatengeneza jioni kambini. Hapo ndo mnaharibu kazi wakuu.

Kwanini nang'ang'ania slaidi? 1994 Serengeti ilipoteza kama theluthi ya simba wake, karibu 1,000, lawama zote zikaenda kwa distempa ya mbwa, ugonjwa wa virusi. Baadae ikaja kuonekana kumbe virusi hivyo vilishapita kabla na simba hawakufa hivyo, ila safari hii ukame ulikuwa umewamaliza nyati, nyati wamejaa kupe, simba wanajilia nyati dhaifu na kupe wanahamia kwao na babesia juu, yaani vijidudu vya damu ambavyo slaidi ndo inavionyesha. Distempa inashusha kinga, babesia inapasua chembe nyekundu za damu. Ngorongoro 2001 ikawa hivyohivyo.

Haya, kazi yenyewe, na kibali cha TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori Tanzania) na daktari wa wanyamapori viwepo, hii sio ya kujaribu mwenyewe. Vaa glavu, na sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko, simba wa Serengeti wameshakutwa na vijidudu vya jamii ya malale.

Jina la mnyama andika kwa penseli, maka peni inafutika kwenye methanoli. Damu ya mshipa wa mguu wa nyuma iende kwenye chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), ile ya kifuniko cha zambarau, ijae hadi kwenye alama, igeuze polepole mara 8 mpaka 10, usiitikise kama juisi. Ya slaidi mi napenda kutoboa ncha ya sikio, kwenye vimishipa vidogo babesia mara nyingi wanaonekana wengi zaidi.

Tone liwe dogo kama kichwa cha kiberiti. Slaidi ya pili ilaze kwa nyuzi 30 hadi 45, irudishe nyuma iguse tone, subiri damu itambae ukingoni mwote, afu sukuma mbele mara moja bila kusita. Ikiisha kabla ya mwisho wa kioo na umbo la ulimi, safi. Simba mwenye upungufu wa damu, damu yake ni nyepesi kama maji ya rangi, inua pembe kidogo usukume haraka, la sivyo inafika mwisho wa kioo hamna ulimi. Tengeneza tatu, zipepee zikauke, nzi wasizilambe, yani wanakula damu mpaka kioo kinabaki cheupe.

Na fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, weka mbali! Mi niliwahi kupanga slaidi boksi moja na chupa ya vipande vya nyama, ule mvuke tu, zilivyopakwa rangi zikatoka kijanikijani, safari nzima bure.

Lowesha kwenye methanoli dakika 2 au 3, afu rangi ya Giemsa asilimia 10 kwa nusu saa. Angalia kwa lenzi ya 100 na mafuta, anzia kwenye ulimi. Uchafu wa rangi unakaa juu ya chembe, ukizungusha fokasi unapotea peke yake, babesia yupo ndani, kapete kadogo au viwili vya umbo la tunda la peasi. Theileria wadogo, vijidudu vingine vya damu, wanafanana nao sana kwahiyo usibishane na mtu kwa jicho, chupa ya EDTA iende PCR, kile kipimo cha vinasaba cha maabara. Hata usipoona kitu kwenye slaidi, chupa ipeleke vilevile, wakiwa wachache kwenye damu jicho haliwapati.