Ndege ya rimoti ya balsa: anza na ubao ulionyooka

Ami yangu alikuwa fundi wa mashua Bagamoyo. Kabla hajapigilia taruma hata moja, alilala kifudifudi mchangani, akafumba jicho moja na kuutazama mkuku kutoka tezi hadi omo. Ukiwa umepinda unene wa kidole tu, alianza upya. Nilipofungua seti yangu ya kwanza ya ndege ya rimoti, hapa Dar es Salaam, jambo hilo halikunijia kabisa. Nililijenga bawa juu ya meza ya chakula, meza nzuri ya mninga, lakini kona yake moja ilikuwa imeinuka milimita 3 hivi. Bawa likakauka na msokoto uleule. Siku ya kurusha ndege ililalia kushoto, na kadiri nilivyoongeza mwendo ndivyo ilivyozidi kulala, mpaka ikaingia kwenye mikorosho. Kazi ya wiki sita.

Kwa hiyo shughulikia ubao kwanza. Mimi natumia mlango wa flashi usiotobolewa kitasa, na juu yake nimegundisha ubao laini wa matangazo, ule unaoshika pini. Kuupima ni rahisi: vuta uzi kutoka kona hadi kona, kisha mwingine kwenye kona zilizobaki, upite juu ya wa kwanza pale katikati. Nyuzi zikigusana bila mmoja kuusukuma mwingine, ubao haujasokotwa. Pitisha pia rula ndefu ya chuma uone kama kuna bonde. Tandaza ramani, ifunike kwa nailoni nyembamba ili gundi isiishike, na hapo una pa kujengea.

Ndege ninayoieleza ni ya mwanafunzi: bawa liko juu ya kiwiliwili, urefu wake sentimita 120 na upana sentimita 20, mota ya umeme. Mbao za seti hukatwa kwa leza siku hizi, lakini usidhani zote ni sawa. Balsa, ambayo nyingi hutoka Ekwado, ni mti unaokua haraka mno, na vipande viwili vya kipimo kimoja vinaweza kutofautiana uzito hata mara mbili. Chukua mizani ndogo ya jikoni, pima kila fito, andika gramu kwa penseli. Ngumu ziwe mihimili ya bawa, zile fito ndefu zinazolibeba bawa kutoka upande hadi upande. Laini ziende mkiani. Na mhimili wa kulia ulingane na wa kushoto, la sivyo utaishia kubandika kipande cha madini ya risasi kwenye ncha ya upande mwepesi ili kusawazisha.

Sasa bawa lenyewe, na hapa usiwe na haraka. Bana mhimili wa chini juu ya ramani kwa pini zinazopita pembeni mwake, zisiutoboe. Simamisha mbavu, vile vibao vinavyolipa bawa umbo, moja moja kwa skwea. Panga zote kwanza bila gundi, weka mhimili wa juu, inama utazame kutoka nchani kama ami yangu: migongo ya mbavu ifuatane kwenye mstari mmoja. Ubavu uliochomoza usiulazimishe kwa kidole. Piga msasa kidogo kwenye pengo lake la kupokea mhimili. Ndipo utie gundi.

Kwa mbavu napenda gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu inanipa dakika kadhaa za kurekebisha. Supagluu hugandishwa na unyevu, na hewa ya pwani ina unyevu tele, hivyo hushika kabla hujageuka. Niihifadhi wapi? Kwenye friji, chupa ndani ya kopo lililofungwa, na siifungui mpaka baridi yake iishe, maana umande ukiingia ndani imeharibika. Unapoitumia fungua madirisha, vaa miwani.

Kati ya mhimili wa juu na wa chini kuna vibao vidogo vya kuziba nafasi ya ubavu na ubavu. Wengi huviona kama pambo na kuvitia hovyo. Bila hivyo bawa hukunjika ndege inapoinuka kutoka kwenye mbizi. Nyuzi za mti zisimame wima, si kulala, na kila kibao kiguse mihimili yote miwili. Vibandike bawa likiwa bado limebanwa ubaoni, kisha liache hapo usiku kucha. Nusu mbili za bawa, ya kulia na ya kushoto, ziungwe kwa epoksi (gundi ya kuchanganya) ya dakika 30 na kiungo cha plaiwudi, ncha zikiinuka kwa kipimo cha ramani.

Kiwiliwili ni sanduku tu, hakitakusumbua. Ila ukiona kibao cha mota kimeelekea chini na kulia kidogo, usikinyooshe: kimewekwa hivyo makusudi ili propela isiivute ndege juu na kushoto. Mkia uunganishe baada ya kupima kwa uzi kutoka kila ncha ya bawa hadi kona ya mkia ya upande wake. Urefu uwe mmoja.

Piga msasa wote mpaka balsa iwe kama hariri, futa vumbi, funika kwa plastiki ya kukaza kwa pasi, chini kwanza halafu juu. Masika usichelewe kufunika, mbao hunywa unyevu. Rangi ya juu na ya chini zitofautiane, utaelewa kwa nini ndege ikiwa mbali mita 150.

Betri yangu ni lipo (lithiamu-polima) ya seli 3, mAh 2200. Ichaji kwa ampea 2.2 mbele ya macho yako, usiiache usiku. Isogeze mbele au nyuma mpaka ndege, ukiishika kwa vidole viwili sentimita 5.5 kutoka ukingo wa mbele wa bawa, itulie huku pua ikiinama kidogo. Mkia mzito ni hatari kuliko pua nzito.

Waulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuhusu kibali, tafuta uwanja mpana mbali na watu na viwanja vya ndege, na mwombe aliyekwisha kurusha akusimamie. Simama nyuma ya ndege. Sukuma fimbo ya rimoti kulia: eleroni ya kulia (kibao kinachocheza nyuma ya bawa) ipande, ya kushoto ishuke. Vuta fimbo kwako: eleveta, kibao kinachocheza mkiani, ipande. Rudia mara mbili, kisha tazama upepo, elekeza pua kwake, ongeza mota polepole hadi mwisho, na usiivute fimbo kwako mpaka magurudumu yaanze kuwa mepesi.