Klachi ya pikipiki kongwe inateleza? Angalia waya na oili kwanza

Unapanda kilima cha kuingilia Chake hapa Pemba na polo la karafuu nyuma, injini inalia resi kubwa lakini pikipiki haiendi, basi hapo klachi inateleza. Wengi wakiona hivyo wanakimbilia dukani kununua pleti (visahani vya ndani ya klachi), mie nasema subiri kidogo, mana mara nyingi tatizo ni waya wa klachi au oili na hivyo unavirekebisha hapo hapo barazani.

Anza na mkono wa klachi. Uvute taratibu kwa kidole, lazima uwe na ulegevu wa milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla haujaanza kukaza, ukiwa umekaza tangu mwanzo mana yake klachi haijiachii yote na pleti zinasuguana mchana kutwa. Legeza adjasta (skrubu ya kurekebishia waya) mpaka upate nafasi hiyo. Halafu utizame waya wenyewe, huku kwetu hewa ya chumvi inaula kwa ndani, ukiuvuta na ukaurudisha unakwama basi badilisha tu, usihangaike kuutia oili kila wiki.

La pili oili. Jamani oili ya gari msitie, khasa zile nyepesi za kuokoa mafuta, zina dawa ya kupunguza msuguano na klachi ya pikipiki nyingi inaogelea humo humo kwenye oili ya injini, inafanya kazi kwa msuguano huo huo! Tafuta dumu lililoandikwa JASO MA au MA2 (alama ya Kijapani ya oili za pikipiki), ile MB achana nayo. Mwaga ya zamani, tia mpya, endesha siku kadhaa, wakati mwengine inapona yenyewe.

Bado? Haya fungua. Mwaga oili, toa kiki na chochote kinachozuia kava la kulia. Boliti za kava hazilingani urefu, kwa hiyo chora kava kwenye boksi la karatasi na kila boliti uichomeke pahala pake. Fungua springi zinazobana pleti kidogo kidogo kwa msalaba, si moja mpaka mwisho. Kuna pikipiki pleti zinatoka hapo hapo, nyengine kuna nati au klipu ya kati, hiyo itake spana yake, usiigonge kwa patasi. Piga picha mpangilio kabla hujatoa chochote.

Sasa tizama vizuri: pleti za msuguano zikiwa nyembamba, zimeungua au zinang'aa kama kioo, zimekwisha. Zile za chuma zilaze juu ya kioo cha dirisha, ikicheza imepinda, ikiwa na rangi ya buluu imepata moto sana. Springi zisimamishe pamoja na mpya, zikiwa fupi badilisha zote, usibadilishe moja. Mie springi nabadilisha kila nikifungua, bei yake ndogo na kazi ya kufungua ni ile ile.

Pleti mpya ziroweke kwenye oili usiku mzima, ukizitia kavu zinaweza kuungua mapema. Gasketi ya zamani ikwangue kwa wembe pole pole, bisbisi inachimba alumini na kava litavuja. Springi kaza kwa msalaba tena, boliti zake ndogo zinakatika kwa nguvu nyingi. Ukimaliza tia oili na urekebishe waya upya, mana pleti mpya ni nene na ule ulegevu uliopima mwanzo utakuwa umebadilika.