Kununua fremu kuukuu na kuiunda upya kwa ajili ya vumbi na mbigili za Dodoma

Ukitaka kuunda baiskeli yako mwenyewe, usianze na rangi wala kengele. Anza na tairi. Chuchumaa kando ya gurudumu, futa vumbi ubavuni mwa tairi, usome namba ndogo zilizochorwa pale. Hizo ndizo zitakazoamua kama baiskeli utaiendesha miaka kumi au itaning'inia ukutani ikisubiri tairi isiyopatikana.

Muuzaji atakwambia "hii ni 26", lakini 26 si moja. Mitumba ya Japani, ile yenye kikapu mbele na bomba lililoinama, mingi huvaa 26 × 1⅜, ambayo kwa milimita huandikwa 37-590 (upana wa tairi 37, kipenyo cha ringi 590). Baiskeli za tairi nene zenye vidoti huvaa 26 × 1.95 au 26 × 2.125, na ringi yake ni 559. Milimita 31 zinazotofautiana hazina ujanja: moja haiingii, nyingine inaelea. Halafu kuna Kijapani cha 27 × 1⅜, yaani 37-609. Hicho hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa, kiache, labda uwe umeshaiona tairi yake dukani kwa macho yako. Ringi ya 609 haikubali tairi ya 26 wala ya 28.

Kwa Dodoma chaguo letu la kwanza ni lile la wazee: fremu nzito ya 28 yenye breki za vyuma (zinazovutwa kwa fimbo za chuma badala ya waya), iwe Phoenix ya China au Hero na Avon za India. Tairi yake ni 28 × 1½ (40-635), na kila fundi wa kijijini anaifahamu. Ni nzito, kweli. Lakini kila kitu ndani yake kinafunguka kwa spana na nyundo, na kila kinachofunguka kinaweza kusafishwa. Baiskeli ya foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) yenye springi za bei nafuu ni kinyume chake: vumbi jekundu linaingia kwenye mirija inayoteleza, mipira ya kuzuia uchafu inaisha mapema, na baada ya hapo foku inacheza na haina dawa.

Ukizunguka kwa mafundi wa Majengo au Sabasaba, uliza kwanza baiskeli ilikuwa ikifanya kazi gani. Iliyobeba madumu manne au sita ya lita 20 kila safari ilikuwa inabeba kilo 80 hadi 120 juu ya keria, na uchovu huo hauonekani kwa mbali. Pitisha kidole chini ya maungio ya shingo, pale bomba la juu na la chini yanapokutana na bomba la usukani. Rangi iliyokunjamana au kupasuka kama ukoko wa uji inaonyesha kuwa chuma kimekunjwa, mara nyingi kwa kugonga kitu mbele. Rangi mpya ya brashi iliyopakwa sehemu hiyo tu, na kwingine kuukuu, ichukulie kama ufa mpaka uthibitishe vinginevyo.

Kipimo cha pili ni cha uzi. Toa gurudumu la nyuma. Funga uzi usiovutika kwenye nafasi ya ekseli upande wa kushoto, uzungushe mbele ya shingo, uurudishe upande wa kulia ukaze. Sasa pima kutoka kwenye uzi hadi kwenye bomba la kiti, kila upande. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, nyuma imepinda. Fundi hodari anaweza kuinyoosha, ila punguza bei kabla ya kulipa. Mwisho, simama ukiwa umepitisha miguu juu ya fremu, nyayo chini: kati yako na bomba la juu pawe na nafasi ya walau sentimita 3. Fremu kubwa kuliko mwili haina marekebisho yoyote.

Ringi zenye kutu, mnyororo uliolegea, pedali zilizovunjika, hivyo vyote visikutishe. Vinanunulika.

Gololi

Hapa ndipo baiskeli inapopona au kufa. Vumbi la Dodoma ni laini kama unga, na likichanganyika na grisi linakuwa msasa. Kwa hiyo fremu yoyote uliyonunua, hata kama gurudumu linazunguka vizuri, fungua habu zote mbili (vitovu vya magurudumu) na ekseli ya krenki (ile inayoshika mikono ya pedali) kabla ya kuiendesha.

Tandaza kitambaa cheupe chini, ili gololi inayoanguka uione. Fungua nati ya nje, halafu loknati (nati inayoifunga koni isilegee), halafu koni (nati inayobana gololi) ya upande mmoja tu, uchomoe ekseli upande wa pili. Kwenye baiskeli hizi za 28 habu ya mbele kwa kawaida ina gololi 10 za inchi 3/16 kila upande. Ya nyuma ina 9 za inchi ¼ kila upande. Ekseli ya krenki ina 11 za inchi ¼ kila upande zikiwa huru bila kikapu (kile cha bati kinachozishika pamoja). Hesabu ulizozikuta, lakini usiziamini, kwani fundi aliyepita huenda alijazia alichonacho. Sheria ni hii: zikijaa duara lote, toa moja, ibaki nafasi kidogo. Zikibanana zinasuguana zenyewe kwa zenyewe na kusagika.

Osha kwa mafuta ya taa, kausha, kisha shika koni kwenye mwanga wa jua na uizungushe taratibu. Njia ya gololi inatakiwa kung'aa kama mstari mmoja usiokatika. Ukiona vishimo, hata vidogo kama vya ncha ya sindano, koni hiyo imekufa. Grisi mpya itaificha kwa wiki mbili tu. Gololi nunua zote mpya kwa pamoja. Ukichanganya mpya na kuukuu, zile mpya ambazo hazijalika zitabeba mzigo wote peke yake na kuchimba kikombe (bakuli la chuma ambamo gololi hukaa).

Jaza grisi kwenye kikombe, panga gololi ndani yake, ongeza grisi juu, rudisha ekseli. Kaza koni kwa vidole mpaka iguse, irudishe nyuma robo mzunguko, kisha kaza loknati huku ukiishikilia koni kwa spana nyembamba. Loknati husukuma koni ndani kidogo kila inapokazwa, ndiyo maana kazi hii hurudiwa mara tatu au nne hata kwa mtu mwenye uzoefu. Kipimo cha mwisho kiko kwenye vali. Weka gurudumu kwenye fremu, liinue juu ya ardhi, zungusha mpaka vali iwe usawa wa ekseli, uliachie. Likiwa sawa, uzito wa ile vali peke yake utalishusha polepole, litapita chini, litarudi, litabembea mpaka litulie. Likigoma kushuka, umekaza mno. Likishuka lakini ringi inagongagonga ukiitikisa kushoto na kulia, umelegeza mno.

Krenki zinazoshikwa kwa kotapini (pini inayobana krenki kwenye ekseli yake) huharibiwa zaidi na nyundo kuliko na barabara. Legeza nati ya pini mpaka iwe sawa na ncha, usiitoe kabisa. Egemeza krenki kwa chini juu ya kipande cha bomba la chuma kilichosimama ardhini, pini iingie kwenye uwazi wa bomba, kisha piga pigo moja zito. Vipigo vidogo vidogo vinaitanua ncha na pini haitatoka tena bila keekee. Wakati wa kurudisha, pini za pande mbili zielekee kinyume. Zikielekea upande mmoja, pedali hazitakaa kwenye mstari mmoja na goti litakueleza. Nati haiivuti pini ndani, nyundo ndiyo inayoiingiza. Baada ya kilomita 10 hivi za kwanza, igonge tena kisha kaza nati. Ukisikia "tak" kila unapokanyaga, simama hapohapo, kwa maana pini iliyolegea hula krenki yenyewe.

Kikombe cha ekseli ya krenki upande wa mnyororo, na pedali ya kushoto, vina uzi wa kinyume: hufunguka kwa kuzungusha kuelekea kulia. Kikombe hicho kama hakina vishimo kiache mahali pake, ukisafishe kikiwa humohumo. Marekebisho yote hufanyika upande wa kushoto.

Mnyororo na vumbi

Oili chafu ya gari ndiyo adui tunayemkuta mara nyingi kuliko wote. Inaonekana inasaidia kwa sababu mnyororo unanyamaza, lakini inashika vumbi lote la barabara ya Hombolo na kuligeuza uji mweusi unaosaga pini kwa ndani. Loweka mnyororo kwenye mafuta ya taa, usugue kwa brashi kuukuu ya meno, uache ukauke kabisa. Kisha weka tone moja la mafuta ya cherehani juu ya kila pini, zungusha pedali nyuma dakika moja, na ufute mnyororo wote kwa kitambaa mpaka ukiugusa usichafue kidole. Mafuta yanayohitajika ni yale yaliyoingia ndani. Ya nje ni chambo cha vumbi.

Kwa miezi ya Mei hadi Novemba nta ni bora zaidi. Vunja mishumaa miwili ndani ya kopo, weka kopo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka (kamwe si juu ya moto moja kwa moja, nta inawaka), tumbukiza mnyororo uliokauka, uutikise mpaka vipovu viishe, uning'inize. Utakuwa mgumu kama fimbo mwanzoni, halafu unalegea. Hautashika vumbi sana, ila mvua ya kwanza ikiupiga rudia.

Pima kuchakaa kwa rula: pingili 12 kamili, yaani pini ya kwanza hadi ya 25, ziwe inchi 12. Zikifika inchi 12 na 1/8, badilisha mnyororo, na friwili (gia ya meno ya gurudumu la nyuma) pia huenda imeshaliwa meno. Mnyororo mpya juu ya meno yaliyochongoka huruka ukipanda mlima.

Tukiwa kwenye meno: baiskeli nyingi hizi huja na meno 48 mbele na 18 nyuma. Ukikanyaga mzunguko mmoja unasogea karibu mita 6, na ukikutana na upepo wa Julai unakuja usoni, hapo ni mateso. Badili friwili iwe ya meno 22. Utasogea karibu mita 4.9 tu, na magoti yatapumzika. Huenda mnyororo ukahitaji kuongezwa pingili moja kamili.

Mbigili

Mvua zikiisha, Aprili na Mei, mbigili hukauka kando ya kila njia ya miguu, na kila tunda lake lina miiba inayokaa ikitazama juu. Ongeza miba ya migunga. Pancha hapa ni sehemu ya mchezo, kwa hiyo jifunze kuisoma kabla ya kuiziba.

Kabla ya kutoa tairi, angalia vali. Baiskeli hizi nyingi zina vali yenye kimpira chembamba kinachovalishwa kwenye msumari wake wa ndani. Joto hukipasua, na upepo unaisha usiku kucha bila tundu lolote kwenye tyubu. Paka mate kwenye mdomo wa vali. Kikitokea kipovu, kazi yako ni kubadili kimpira tu, dakika mbili. Beba viwili mfukoni daima.

Kama vali ni nzima, panga maandishi ya tairi yawe usawa wa vali kila unapoivalisha. Ukipata tundu kwenye tyubu, utajua mwiba uko wapi kwenye tairi. Tundu likiwa upande wa nje ni mwiba. Likiwa upande wa ndani ni ncha ya spoku au utepe wa ringi uliochanika. Matundu mawili yaliyokaa sambamba maana yake ulipiga jiwe tairi likiwa na upepo mdogo. Kuchanika kwenye shina la vali ni upepo mdogo pia: tyubu inatembea ndani ya tairi na vali inabaki.

Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, mpaka weusi unaong'aa upotee. Paka solusheni (gundi ya viraka) nyembamba, kisha subiri. Hapa ndipo viraka vingi vinapofeli: watu wanabandika ikiwa bado mbichi, na kinabanduka njiani. Gusa pembeni kwa mgongo wa kidole. Isiposhika wala kung'aa, dakika 3 hadi 5, ndipo ubandike na ugonge kwa mpini wa bisibisi. Pakaa poda ya mtoto juu yake ili isinate kwenye tairi. Kabla ya kurudisha, pitisha vidole ndani ya tairi lote taratibu, maana mbigili haikai moja. Tyubu kuukuu iliyopasuliwa kwa urefu na kuwekwa kati ya tairi na tyubu mpya hupunguza pancha sana, ingawa inaongeza uzito. Jaza upepo mpaka PSI 50 hivi, na ukitumia kompresa ya pikipiki achia kidogo kidogo, kwa sababu tyubu ndogo hujaa kwa sekunde chache.

Spoku zinahitaji kuguswa tu: zibinye mbilimbili, iliyolegea utaijua. Kaza nipeli (kinati cha spoku kwenye ringi) robo mzunguko kwa mara moja, si zaidi, ukitazama ringi ikipita karibu na raba ya breki.

Desemba ikifika, kabla ya mvua kushika, fungua habu tena na ubadili grisi, hata kama zinazunguka. Breki za vyuma juu ya ringi ya kromu iliyolowa karibu hazishiki kabisa, hivyo acha nafasi ya milimita 3 tu kati ya raba na ringi, na ukiwa njiani kwenye matope ya kuelekea Bahi anza kubana breki mapema ili raba zifute maji kwanza.