Somo: Mshale wa mafuta unaoruka ruka kwenye Hilux ya zamani

Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990 bado zinabeba matofali na ndizi kila siku, ila nyingi geji ya mafuta haiaminiki tena. Dereva anahesabu kilomita kichwani. Mafundi wengi hukimbilia kubadilisha floti, yaani kipimo chenye boya kilichomo ndani ya tenki. Hiyo ni kazi nzito, maana mara nyingi hakuna mfuniko wa kuifikia kwa juu: ama ushushe tenki, ama uinue bodi ya mizigo. Kwa hiyo floti tuiache mwisho.

1. Usome mshale kwanza. Ukicheza pamoja na wa joto la injini, acha tenki, angalia nyuma ya dashibodi: kwenye Hilux nyingi za zamani geji hizo mbili hutegemea kidhibiti volti kimoja. Ukibadilika unapowasha taa, shuku waya wa bodi, yaani waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha gari. Ukilala E (tupu) moja kwa moja, kuna waya uliokatika. Ukiganda F (limejaa), kuna waya uliochubuka unaogusa chesisi. Ukiruka kila mara mafuta yakifika kiwango kilekile, hapo ndipo floti inaposhukiwa kwa haki.

2. Waya wa bodi. Ingia chini ya gari, ufuate waya unaotoka tenki hadi unapofungwa kwenye chuma. Fungua boliti, kwangua kutu na rangi hadi chuma king'ae, funga, paka grisi. Tope na maji ya barabarani huua kiungo hiki kuliko kitu kingine chochote. Usiruke hatua hii hata kama waya unaonekana mzima.

3. Pima geji bila floti. Chomoa soketi ya tenki, washa swichi: mshale ushuke E. Kisha unganisha waya wa geji na bodi kupitia balbu ndogo ya wati 3.4. Balbu iwake, mshale upande kuelekea F. Usiguse bodi moja kwa moja kwa muda mrefu, utaunguza geji. Na uwe na subira: geji hizi hupanda polepole. Ikipanda vizuri, geji na waya wake ni wazima.

4. Sasa floti. Mafuta yawe machache, hasi ya betri ifunguliwe, kazi ifanyike nje. Sigara na taa ya waya vikae mbali. Mvuke wa petroli hausamehe. Ukiitoa, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) na uinue mkono wake taratibu. Toyota nyingi za rika hili husoma karibu omu 110 tenki likiwa tupu na karibu 3 likijaa. Mita ya mshale ni bora hapa kuliko ya namba, kwa sababu inaonyesha pale panaporuka. Tikisa na boya lenyewe: likisikika mafuta ndani, limetoboka.

Wanaojaza mafuta kidogo kidogo kila siku watakuta njia ya waya, yaani waya mwembamba ndani ya floti unaosuguliwa na mguso wa mkono, imelika zaidi upande wa chini, kwa kuwa boya halipandi kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali: Njia ya waya ikiwa chafu tu, naweza kuisugua kwa msasa?
Jibu: Hapana, nyaya zake ni nyembamba mno. Tumia spiriti na kitambaa, kisha kunja kidogo ulimi wa mguso ili ukandamize vizuri. Kama waya umekatika, nunua nyingine.

Swali: Niko Marekani, nina Chevrolet ya 1985. Nikigusisha waya kwenye bodi mshale unashuka badala ya kupanda. Geji imekufa?
Jibu: Ni nzima kaka. GM za miaka hiyo ziko kinyume na Toyota: omu 0 ni tupu, karibu 90 ni tenki lililojaa. Ukichomoa soketi, mshale wako utapita F.

Swali: Nimepata floti ya gari jingine, inaingia vizuri kabisa. Niifunge?
Jibu: Ipime kwanza kwa mita, juu na chini. Ikitofautiana na ya kwako, geji itakudanganya siku zote hata kama boliti zimekaa sawa.

Swali: Tangu tenki lirudishwe, harufu ya petroli haiishi.
Jibu: Huenda gasketi ya zamani ilirudishwa. Shusha tena, weka mpya, na usiendeshe hadi hapo.